Dawa za Miti na Vidonda vya Tumbo: Kulinda si Kuponya

Katika soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi, kama ilivyo katika soko la Kilombero jijini Arusha, magome, mizizi na unga wa majani huuzwa hadharani pamoja na ndizi, viazi na maharage. Miongoni mwa maradhi yanayowapeleka wananchi kwa wauzaji wa dawa hizo, vidonda vya tumbo vimo katika mstari wa mbele. Wapo wanaopata nafuu na kurudi kununua tena. Wapo pia wanaopata nafuu ya muda, wakaendelea kunywa dawa hiyo miezi mingi, hadi siku wanapofikishwa hospitalini wakiwa wanatapika damu.

Makala haya yanaeleza jinsi kidonda cha tumbo kinavyotokea, mambo ambayo dawa za miti zinaweza kuyafanya na yale zisiyoweza, na namna ambavyo mwananchi anayependa tiba asili anaweza kuitumia bila kuhatarisha maisha yake.

Kidonda hutokeaje

Tumbo la binadamu hutengeneza asidi kali ya kusaga chakula na kuua vijidudu. Asidi hiyo ingeweza kuuchoma ukuta wa tumbo lenyewe, lakini ukuta huo una ngao yake: tabaka la ute mzito, kemikali zinazozimua asidi, na mishipa midogo ya damu inayolisha chembe hai na kuzifanya zijirudishe upya upesi. Afya ya tumbo ni mizani baina ya ukali wa asidi na uimara wa ngao. Ngao inapodhoofika, asidi hupenya na kuchimba kidonda, ama tumboni, ama katika sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba.

Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa kidonda huletwa na mawazo, pilipili na chakula cha kuchelewa. Mwaka 1982 madaktari wawili wa mji wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walifanikiwa kuotesha maabara bakteria aliyeonekana mara kwa mara katika matumbo ya wagonjwa wa vidonda. Bakteria huyo sasa huitwa Helicobacter pylori. Wenzao wengi hawakuamini kwamba kiumbe chochote kinaweza kuishi ndani ya asidi. Mwaka 1984 Marshall alikunywa kimiminika chenye bakteria hao, na baada ya siku chache alianza kutapika. Uchunguzi ulionyesha kuwa ukuta wa tumbo lake umevimba. Mwaka 2005 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Siri ya bakteria huyo ni kwamba hujitengenezea amonia, ambayo huizimua asidi inayomzunguka, kisha hujichimbia ndani ya ute na kukaa humo miaka na miaka. Takriban nusu ya watu wote duniani wamewahi kuhesabiwa kuwa naye, na wengi humpata wakiwa watoto, ndani ya familia, kwa njia ya mate, kinyesi au maji yasiyo salama. Walio wengi hawaugui. Hata hivyo, kwa wachache huleta vidonda, na kwa wachache zaidi saratani ya tumbo. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa.

Chanzo kikuu cha pili kimo katika kabati la dawa. Vidonge vya maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali ambazo mwili hutengeneza. Baadhi ya kemikali hizo ndizo zinazouwezesha ukuta wa tumbo kutoa ute na kupata damu ya kutosha. Mtu anayemeza vidonge hivyo kila siku kwa ajili ya mgongo au magoti huwa anaivunja ngao ya tumbo lake pasipo kujua.

Maji, viungo na magadi

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa miteremko ya Mlima Meru. Miamba na majivu ya volkano hutia madini ya floraidi katika chemchemi na mito mingi ya eneo hili. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na katika baadhi ya vyanzo vya Arumeru kiwango kimepimwa kikiwa zaidi ya mara kumi ya ukomo huo. Athari inayojulikana na wote ni meno yenye rangi ya kahawia. Isiyoonekana upesi ni ile ya mifupa: floraidi ikikusanyika kwa miaka mingi, viungo hukakamaa na mgongo huuma. Mwenye maumivu ya namna hiyo huelekea duka la dawa na kununua diklofenaki, na tumbo linapoanza kuwaka hutafuta dawa ya vidonda. Akiitibu tumbo huku akiendelea na vidonge vilevile, atakuwa anaziba tundu kwa mkono mmoja na kulitoboa kwa mkono mwingine.

Desturi ya kutumia magadi nayo inahitaji kutazamwa. Magadi huzimua asidi, na ndiyo maana kiungulia hutulia mtu anapoyalamba au kuyakoroga katika maji. Nafuu hiyo haidumu, wala haigusi chanzo cha kidonda. Zaidi ya hayo, magadi ya asili yanayouzwa katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro yamegunduliwa kuwa na floraidi, na yana chumvi ya sodiamu isiyomfaa mwenye shinikizo la damu.

Mti unafanya nini tumboni

Tiba za jadi za eneo hili hazikuzuka bila sababu. Wamaasai huchemsha gome la olkiloriti, mgunga ambao wanasayansi huuita Vachellia nilotica, katika supu ya nyama ili kusaidia usagaji wa chakula. Gome la osokonoi, mti wa jamii ya Warburgia wenye ukali wa pilipili mdomoni, hutafunwa au kuchemshwa kwa ajili ya kikohozi na maumivu ya tumbo. Shubiri mwitu hukatwa kwa ajili ya maradhi ya namna nyingi.

Magome mengi ya namna hii yana tanini, yaani kemikali inayokausha ulimi mtu anapotafuna ndizi mbichi au gome chungu. Tanini hushikamana na protini, na zinapofika tumboni huweza kujenga utando mwembamba juu ya sehemu iliyochubuka, mfano wa ngozi mbichi inavyokazwa kwa magome kiwandani. Mimea mingine ina kemikali zinazopunguza uvimbe, au zinazouchochea ukuta wa tumbo kuongeza ute. Mwaka 1984 watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa unga wa ndizi mbichi za kupika, zilizokaushwa bila kupikwa, uliwakinga panya wa maabara dhidi ya vidonda vya aspirini. Matokeo hayo hayana maana kwamba sahani ya ndizi iliyopikwa ni dawa. Lakini yanathibitisha kuwa mmea wa kawaida unaweza kubeba kinga ya kweli.

Matokeo ya Muhimbili

Mfano ulio karibu zaidi ni wa hapa nchini. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho kina Taasisi ya Tiba Asili, walichapisha uchunguzi wa dawa ya jadi ya vidonda vya tumbo inayochanganya mimea mitano: Rhynchosia recinosa, Ozoroa insignis, Maytenus senegalensis, Entada abyssinica na Lannea schimperi. Walitoa kiini cha kila mmea, wakakipima peke yake na katika mchanganyiko, kisha wakaupima mchanganyiko huo kwa panya waliopewa kilevi kikali na asidi vinavyochoma tumbo.

Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Kinga iliongezeka kadiri kipimo kilivyoongezwa, na katika kiwango cha juu ilikaribia ile ya pantoprazoli, dawa ya hospitalini inayopunguza asidi. Jambo la pili lilihusu usalama. Ozoroa insignis ikitolewa peke yake kwa wingi iliwadhuru panya, ilhali mchanganyiko wa mimea yote mitano waliustahimili hata katika kiwango kikubwa. La tatu lilihusu uwezo wa kuua bakteria: mimea hiyo ilionyesha nguvu ndogo au ya wastani tu dhidi ya bakteria waliojaribiwa.

Mambo hayo matatu yana funzo kwa kila mtumiaji wa dawa za miti. Ujuzi wa wazee una msingi unaoweza kupimwa. Mtu anayesikia jina la mti mmoja na kuuchimba bila kujua kipimo na mchanganyiko wake anaweza kujidhuru kwa kitu ambacho mganga mjuzi angekitumia kwa salama. Na kuukinga ukuta wa tumbo ni kazi moja, kumuua bakteria ni kazi nyingine.

Tofauti ya kulinda na kuponya

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Katika majaribio ya aina hii panya hupewa dawa kwanza, kisha asidi ndiyo hufuata. Kinachopimwa ni uwezo wa dawa kuzuia jeraha kabla halijatokea. Mwananchi anayenunua unga sokoni yuko katika hali iliyo kinyume: jeraha limekwisha kutokea, na mara nyingi bakteria bado yumo ndani ya ute, au kidonge cha maumivu bado kinamezwa kila jioni. Dawa inayofunika jeraha humpa nafuu ya kweli, na kwa kuwa nafuu hiyo ni ya kweli, humfanya aamini kuwa amepona. Chanzo kisipoondolewa, kidonda hurudi, na kila kinaporudi huweza kuchimba zaidi, mpaka kikafikia mshipa wa damu au kuutoboa ukuta wa tumbo.

Historia ya dawa za hospitalini inaonyesha njia iliyo bora. Katika miaka ya 1960 wagonjwa wa vidonda barani Ulaya walianza kutibiwa kwa dawa iliyoitwa karbenoksoloni, iliyotokana na urukususu, mzizi mtamu unaotumika katika tiba tangu enzi za kale. Ilikuwa miongoni mwa dawa za mwanzo kuthibitishwa kwa majaribio ya wagonjwa kuwa huharakisha uponaji wa kidonda cha tumbo. Majaribio hayohayo na matumizi yaliyofuata yalifichua kuwa huupandisha msukumo wa damu na kupunguza madini ya potasiamu mwilini. Dawa salama zaidi zilipopatikana, iliwekwa kando. Hakuna aliyeudharau mzizi huo. Ulipimwa, faida yake ikajulikana, na madhara yake yakajulikana pia. Dawa za miti za Meru zinastahili heshima ya namna hiyohiyo.

Hatua za kufuata

Mwenye maumivu ya kuungua chini ya kifua, kichefuchefu au tumbo kujaa gesi kwa zaidi ya wiki mbili anashauriwa kufika kwanza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Si kila maumivu ya tumbo ni kidonda. Mawe ya nyongo, minyoo, maradhi ya ini na hata ya moyo huweza kujifanya kidonda. Mtaalamu atauliza kuhusu vidonge vya maumivu, pombe na sigara, na pale inapofaa ataagiza kipimo cha Helicobacter pylori.

Kipimo cha choo huonyesha kama bakteria yupo wakati huo. Kipimo cha damu kinachotafuta kinga za mwili hakiwezi kutofautisha maambukizi ya sasa na yale yaliyokwisha pita, kwa hiyo majibu yake pekee hayatoshi kuanzisha tiba. Ili kipimo cha choo kisitoe jibu la uongo, dawa kama omeprazoli husimamishwa wiki 2 kabla, na antibiotiki wiki 4 kabla. Mgonjwa amweleze mtaalamu pia dawa ya miti anayoitumia.

Bakteria akipatikana, tiba ni dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki mbili, kwa kawaida kwa siku 14. Kuacha dozi katikati kwa sababu maumivu yamekwisha ni kumfundisha bakteria kuihimili dawa. Wenye umri mkubwa na wenye dalili za hatari huhitaji kipimo cha endoskopia, ambapo mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa kooni ili kulitazama tumbo. Huduma hiyo hutolewa katika hospitali za rufaa zenye vifaa, kama KCMC ya Moshi.

Dalili zifuatazo hazina muda wa kungojea dawa yoyote ya nyumbani. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja:

- kutapika damu, au matapishi yanayofanana na unga wa kahawa;
- choo cheusi, kinachonata kama lami;
- maumivu makali ya ghafla na tumbo kuwa gumu kama ubao;
- kizunguzungu, kupauka na moyo kwenda mbio.

Mwenye kupungua uzito bila sababu au kushindwa kumeza chakula naye asikawie kuchunguzwa.

Kwa anayetumia dawa za miti yako mambo ya kuzingatia. Magome yenye tanini nyingi huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu, au mtu aliyepungukiwa damu kwa sababu ya kidonda, asiyanywe pamoja na vidonge hivyo. Shubiri ina vitu viwili ndani ya jani moja: utomvu wa manjano ulio chini ya ganda, ambao huharisha na kuukausha mwili maji, na ute mweupe wa katikati. Wasiojua kuvitenganisha hunywa vyote. Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye maradhi ya ini au figo wasipewe dawa ya miti pasipo ushauri wa kitaalamu. Chupa au pakiti isiyo na jina la mmea, kipimo wala jina la mtengenezaji haimpi daktari pa kuanzia mambo yanapoharibika.

Sheria, waganga na misitu

Tiba asili ni huduma inayotambuliwa kisheria. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga, vituo vyao na dawa zao. Maombi ya mganga huanzia kwa uongozi wa kijiji au mtaa anakofahamika, kisha hupitia kwa mratibu wa tiba asili aliye chini ya Mganga Mkuu katika kila halmashauri. Mwananchi anayo haki ya kumwomba mganga amwonyeshe cheti chake cha usajili, na mganga mwenye dawa anayoiamini anaweza kuomba ipimwe na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha. Wilaya ya Meru imejaliwa pia taasisi za utafiti: Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Nelson Mandela kiko Tengeru, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake Ngongongare.

Miti yenyewe nayo ina haki. Gome likibanduliwa kuuzunguka mti wote, mti hufa, kwa sababu njia ya chakula kutoka majanini kwenda mizizini hukatika. Mwiru, yaani Prunus africana, ulivunwa kwa fujo barani Afrika kwa ajili ya soko la Ulaya la dawa za tezi dume, na tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba. Kuchuma mimea ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni kosa, na uvunaji katika misitu ya hifadhi huhitaji kibali. Njia ya kudumu ni kuipanda miti hiyo mashambani na mipakani mwa viwanja, kisha kuvuna matawi na majani, au vipande vidogo vya gome upande mmoja wa shina.

Mganga mwenye busara hapotezi heshima anapomwambia mteja wake akapime kwanza. Wala mhudumu wa zahanati hapungukiwi anapomsikiliza mgonjwa aliyekunywa osokonoi bila kumkemea. Mgonjwa anayekemewa huficha, na kinachofichwa hakiwezi kutibiwa. Kwa ushauri kuhusu vipimo vya vidonda vya tumbo, mwananchi afike zahanati au kituo cha afya cha kata yake. Kwa maswali kuhusu usajili wa waganga na dawa asili, amwone mratibu wa tiba asili katika ofisi ya Mganga Mkuu wa halmashauri anamoishi.